Pweza Wanne Nyuma ya Soko la Kebirigo

Ijumaa, ofisini

Nilimwambia alambe daftari langu. Nataka mjue hivyo kwanza, kwa sababu hadithi inayozunguka sokoni ni kwamba nilimpiga afisa, na kuna mwenye ameongeza kwamba nilimpiga kwa mtoto. Sikumpiga mtu. Nilimfungulia daftari nikamwambia alambe.

Ilikuwa siku yangu ya tatu kwenye benchi la ofisi ya mradi wa kuhesabu viumbe vya mwambani, huko kusini mwa Mombasa. Nilikuwa nimekaa tangu saa mbili asubuhi na mwanangu Kemunto mapajani. Alikuwa amenilowesha mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimeambiwa choo ni cha wafanyakazi. Saa sita kasoro, kijana wa ramani akaniita. Wenzake wanamwita Kelvo. Akageuza kompyuta ili nione.

Ilikuwa ramani ya Kenya nzima. Kandokando ya bahari vitone vya rangi vilikuwa vimejipanga kama shanga. Halafu kitone kimoja, peke yake, kule magharibi milimani. Akakivuta karibu, akakivuta tena, mpaka nikaona barabara ya lami, mashamba ya chai, mabati ya soko. Soko letu hili. Kulingana na ile ramani, nyuma ya soko la Kebirigo, pale mnapomwaga maganda ya ndizi, kunaishi pweza wanne, kaa kumi na saba na viti vya pweza sita, yaani wale viumbe wenye mikono mitano kama nyota.

"Sasa madam," Kelvo akasema, "hawa pweza wenu wanachuma chai ama wanauza ndizi?"

Wenzake wawili wakacheka. Mmoja akaja kusimama nyuma yake ili aone vizuri. Kelvo akasema hana neno na mimi, atanisaidia: nije kesho Jumamosi saa tatu, Daktari mkuu wa mradi atakuwepo. Nikamwambia kesho ni Sabato, sitakuja. Akainua mabega.

"Si ndiyo hiyo Sabato ilikuharibia hesabu? Unataka ikuharibie mara ya pili?"

Hapo ndipo. Nilifungua daftari ukurasa wa Ijumaa ile ya hesabu, ule uliokunjamana kwa maji mpaka wino ukaota ndevu, nikauweka juu ya vidude vyake vya kuandikia.

"Lamba," nikamwambia.

"Ati?"

"Lamba hiyo karatasi. Ukisikia chumvi, ujue niliandika nikiwa ndani ya maji. Ukisikia chai, nifunge."

Kelvo aliliangalia lile daftari kama vile nimemwekea nyoka. Hakulamba. Akaniambia nitoke kabla hajamwita askari. Nikatoka. Hayo ndiyo yote. Sasa wacha niwaambie nilifikaje pale, kwa wale mlioniuliza vizuri.

Kebirigo hadi Kisii, na sababu ya kuondoka

Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimeenda pwani mara ya kwanza maishani. Mnakumbuka, wengine wenu mliniaga kwa kicheko. Kulikuwa na mradi uliotaka vijana kutoka kaunti zisizo na bahari, wafundishwe kuhesabu viumbe vya mwambani ili ijulikane kila kimoja kinaishi wapi, kimehamia wapi, na wapi hakipo tena. Walitaka mtu aliyefaulu Biolojia kidato cha nne. Mimi nilipata B, na cheti changu kimelala chini ya godoro miaka mitano kikingoja mtu wa kukiuliza. Mwenye hesabu yake ingekubaliwa angeingia kwenye orodha ya kusomeshwa stashahada ya mambo ya bahari, miaka miwili, pamoja na malazi, hata kama ana mtoto. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Bahari yenyewe ningeweza kuishi bila kuiona.

Kila mmoja wetu alipewa mstari wake mwambani, hatua hamsini, unaanzia kwenye chuma kilichopigwa ndani ya jiwe. Maji yakipwa unatembea juu ya mstari, unaandika kila ulichokiona, na ambacho hukukiona unaandika sifuri. Siku tatu mfululizo. Mimi nilikuwa Mstari wa Saba, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Simu ilikatazwa majini. Kamera ilikuwa ya mradi na tuliirudisha Ijumaa mchana. Tuliambiwa tusiingize hesabu nusunusu kwenye simu: siku tatu zikamilike, ndipo uingize zote, kabla ya Jumapili kuisha.

Ijumaa ile umeme ukapotea kijijini na simu zetu zote zikazima. Uliporudi, jua lilikuwa limeshazama. Wenzangu wakachomeka simu wakaanza kuingiza. Mimi ni Msabato, na mnajua tulivyolelewa: jua likizama Ijumaa, hata kisu cha kukatia mboga kimeshawekwa chini. Nikafunga daftari. Jumamosi jua lilipozama tulikuwa tayari barabarani tukirudishwa makwetu, Kemunto akinitapikia begani. Jumapili jioni, nikiwa nimekaa jikoni kwa mama mkwe wangu, niliingiza yote, kiumbe kwa kiumbe, na penye nafasi ya mahali nikaandika Mstari wa Saba. Nikatuma kabla ya saa tatu. Nikalala kama mtu aliyemaliza mtihani.

Kumbe ule mfumo wao hauangalii ulichoandika. Unaangalia simu iko wapi ukituma.

Baada ya wiki sita ukaja ujumbe: hesabu yako imekataliwa, mahali si sahihi, inashukiwa kuwa ya kubuni. Ya kubuni. Siku tatu ndani ya maji, mguu umekatwa na jiwe, mtoto wa miezi sita ameachwa ufuoni kwa mama wa watu, halafu nimebuni. Siku hiyohiyo orodha ikatoka, jina langu halimo. Nikapiga simu zao mpaka nikajua ule wimbo wa kungojea kwa moyo. Nikaamua kwenda.

Asubuhi niliyoondoka ilikuwa mvua ile yetu isiyojua kuisha. Pikipiki iliteleza mara mbili kabla ya kufika lami, na dereva akanisihi nishuke nitembee nyuma yake na mtoto, naye akae juu, ati ili pikipiki iwe nyepesi. Baba Kemunto alikuwa ameniambia jambo moja tu: usiende kupigana. Mama mkwe aliniambia lingine. Alinifungia chapati, ndizi za kuchemsha na kilo mbili za unga wa wimbi wa kumpelekea mwenyeji wangu, akaushika mkono wangu mbele ya mwanawe.

"Moraa," akasema, "kama walikuita mwongo mbele ya watu, usituletee jibu la pembeni."

Kisii hadi Nairobi

Basi lilikuwa la saa tatu. Liliondoka saa sita na nusu, kwa sababu kuna mama alikuwa anapakia maparachichi na kila gunia likiingia anakumbuka lingine. Huyo mama ndiye aliyekaa karibu nami. Hakuomba radhi. Alimchukua Kemunto kutoka mikononi mwangu bila kuuliza, akampa parachichi anyonye, na kufikia Narok nguo ya mtoto ilikuwa ya kijani yote.

Mbele yetu alikaa mwanamume anayeuza viatu mjini Kisii. Aliniuliza ninakwenda wapi, nikafanya kosa la kumjibu ukweli. Akashangaa mtu wa Nyamira anahesabu samaki gani. Akaniambia bahari ni kama ziwa la Kisumu tu, ila wameongeza chumvi, na samaki ni samaki. Nikamwambia kwamba kwenye mstari wangu mmoja, hatua hamsini, niliona aina nyingi za viumbe kuliko mimea iliyo kwenye shamba lake zima, na kwamba ukisogea mstari wa pili unakuta wengine, kwa sababu hapa kuna mchanga, pale kuna nyasi za bahari, kule kuna jiwe. Kila mmoja ana kwake. Pweza hakai penye nyasi tupu, anataka tundu.

"Kwa hivyo walikukatalia kwa sababu gani?" akauliza.

Nikamweleza. Kabla ya basi kupita Narok, kesi yangu ilikuwa imeshafika viti vya nyuma. Basi likagawanyika. Wasabato wakasema nilifanya vyema na Mungu atanilipa. Wengine wakasema kuingiza hesabu kwenye simu si kazi, ni kama kusoma saa. Mama wa maparachichi alisikiliza wote, akatoa hukumu.

"Sisi Wakatoliki tungeingiza," akasema, "halafu Jumapili tukaungame. Nyinyi mmekazana na sheria mpaka mmebaki bila shule."

Basi zima likacheka. Na mimi nilicheka, kwa kweli. Lakini maneno yale yalinifuata mpaka Nairobi, ambako tulifika usiku badala ya alasiri, kwa sababu lori lilikuwa limelala barabarani kabla ya Mai Mahiu, na watu walishuka kuliangalia kana kwamba wakiliangalia litaamka. Nililala kwa binamu yangu. Aliniuliza kama nimenenepa.

Nairobi hadi Mombasa

Kabla ya kupanda treni wanawapanga na mizigo yenu chini ili mbwa ainuse. Mbwa alipita masanduku ya watu wote akaja kusimama kwenye mfuko wangu. Askari akautoa ule unga wa wimbi, akautikisa. Akauliza ni dawa gani hii ya rangi ya udongo. Nikamwambia ni unga wa uji. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema kwao unga ni mweupe.

"Kama ni unga, lamba," yule wa kwanza akaniambia.

Na nililamba. Mbele ya foleni nzima, mtoto mgongoni, nimeinama juu ya karatasi kama mbuzi. Unga mkavu ukaninasa kooni nikakohoa, na mama mmoja nyuma yangu akasema wakati ndio huu unapita. Askari waliporidhika hawakunisaidia hata kufunga mfuko. Nikapanda treni mdomo ukiwa wa kahawia.

Ndani ya treni nilitulia upande wa dirisha nikawaza kitu kimoja. Kwamba mimi nikisema jambo, lazima nilambe ndipo niaminiwe. Yule anayesema juu yangu halambi kitu. Anabonyeza tu.

Kwa Bi Mwanaisha

Baada ya treni kuna kivuko, baada ya kivuko kuna gari, baada ya gari kuna njia ya mchanga inayomaliza viatu. Mwishoni mwa hiyo njia ndiko anakoishi Bi Mwanaisha. Ni mama wa makamo, anachokoa pweza kwa fimbo ya chuma maji yakipwa, na ndiye aliyenilelea Kemunto ufuoni siku zile tatu za hesabu. Mradi ulinipa mwalimu mwenye digrii, lakini Bi Mwanaisha ndiye aliyenionyesha kwamba tundu la pweza linajulikana kwa maganda ya kaa aliowala na kuyatupa mlangoni, kama jikoni kwa mtu asiyefagia.

Mara ya kwanza tulikosana kwa sababu ya chakula. Alinipikia pweza wa nazi, sahani kubwa, nikakataa. Akadhani nawaona wao wachafu. Ilinichukua siku mbili kumweleza kwamba sisi hatuli chochote cha majini kisicho na mapezi na magamba: si pweza, si kaa, si kamba, si ngisi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwamba nimevuka nchi nzima kuja kuhesabu vitu ambavyo nikivila ninatengwa kanisani.

Safari hii nilimkuta ameniwekea samaki changu mzima kwenye sinia, hajaparuliwa.

"Nimekuachia magamba uyaone kwa macho yako," akasema, "usije ukasema Mwanaisha kakulisha haramu yenu. Haya, nipe mjukuu wangu. Keshakuwa mzito, huyu. Mwamlisha mawe huko kwenu?"

Alipika changu, nikapika ugali wa wimbi. Aliangalia ile rangi, akaonja kidogo, akasema ni chakula cha mgonjwa lakini atakizoea. Nikamweleza neno lililoandikwa juu yangu. Aliacha kula. Aliniuliza hilo neno kubuni wao wanalitumiaje, kwa sababu huenda bara lina maana nyingine. Nikamwambia ni ileile.

Mwambani

Siku ya pili yake, Jumatano, maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayopwa sana mpaka mwamba wote unatoka nje. Saa nne tukaenda. Nilikuwa na jambo la kutafuta. Sisi tunaochuma chai tukiacha kazi jioni, tunafunga kitambaa kwenye kichaka cha mwisho ili kesho mtu asikuibie mstari wako. Mimi, kwa mazoea hayohayo, siku ile ya Ijumaa nilikuwa nimerarua ukingo wa leso yangu ya maua mekundu nikaufunga kwenye kile chuma cha Mstari wa Saba. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Mkono wenyewe ulifanya.

Kilikuwepo. Miezi minne, mawimbi, jua, na kilikuwepo, kimeota ukoga wa kijani na konokono mdogo amejibandika kwenye fundo. Nikakata nusu, nikaacha nusu kwa ajili ya konokono. Niliiweka ile nusu kando ya leso niliyokuwa nimembebea Kemunto. Upande ulioraruka ukaingiana kama meno.

Tukatembea mstari. Pweza walikuwa wawili siku hiyo. Kaa wengi. Kisha Bi Mwanaisha akaniuliza kama niliandika majongoo bahari mara ile. Hawa ni wanyama wanene, wanalala mchangani kama soseji, hawana haraka na mtu. Wanaula mchanga na kuusafisha. Nikamfungulia daftari akaona: sifuri, sifuri, sifuri.

Akaniambia alipoolewa hapo ungewakanyaga. Walianza kuja watu wa kuwanunua kwa kupeleka ng'ambo, wakalipa wazamiaji, wakazoa. Lakini kila akina mama wa kijiji wakilalamika mwamba umeisha, wanaonyeshwa ramani. Ramani inasema majongoo wamejaa, kwa hivyo kibali kinatolewa tena. Ile ramani ilitokana na hesabu ya zamani. Hesabu yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kuandika sifuri.

Nilisimama pale maji yakinifika kwenye vifundo, nikaelewa kitu ambacho sikuwa nimekijua nikitoka nyumbani. Walipoikataa hesabu yangu walizikataa na sifuri zangu. Kwenye ramani yao, majongoo yale yaliyokwisha yangali hai, na, kama nilivyokuja kuonyeshwa Ijumaa, pweza niliowaona kwa macho yangu wako Kebirigo.

Benchi, na Jumatatu

Jumatano mchana niliambiwa nije Alhamisi. Alhamisi niliambiwa nije Ijumaa. Ijumaa mnaijua.

Jumamosi nilikaa kwa Bi Mwanaisha nikasoma Biblia yangu kwenye baraza. Hakunipa kazi hata ya kuokota kijiko, na jirani alipokuja kuniuliza mbona sisaidii kukuna nazi, yeye ndiye aliyejibu kwamba leo ni siku yangu, jana ilikuwa yake, mwache mtu na Mola wake. Pale ofisini hakuna aliyekuwa ameweza kusema hivyo.

Jumatatu tulikwenda naye. Daktari mwenyewe alikuwa amekuja, mwanamke wa sauti laini, akatukaribisha kwa chai. Nilimpa daftari. Nilimwonyesha kipande cha leso. Nikamwambia picha anazo yeye, kwenye kamera yao, awatazame wale pweza wanne atawaona. Akaniambia kwa huzuni nzuri kwamba kamera zilifutwa ili kundi linalofuata lizitumie. Nikamwambia huyu hapa ni mama aliyeniona nikihesabu. Akasema anamheshimu sana mama, lakini huo ni ushahidi wa mdomo.

"Mwamba huu nauchokoa miaka thelathini," Bi Mwanaisha akasema. "Leo mimi ni mdomo, na simu ndiyo shahidi?"

Daktari akatabasamu. Akasema anatuelewa kabisa, ila mahali pakishaingia kwenye mfumo hapabadilishwi. Alikuwa na njia moja ya kunisaidia. Akanipa karatasi. Nikitia sahihi, lile neno la kubuni litaondolewa, liandikwe kosa la mtumiaji, na mwaka ujao ninaweza kuomba nafasi upya. Nikaisoma. Nimesoma Kiingereza cha kutosha kusoma karatasi ya mtu. Chini kabisa ilisema ninakubali kwamba hesabu za Mstari wa Saba hazikuwa sahihi na zifutwe kabisa.

"Sifuri zangu pia?" nikauliza.

"Zote," Daktari akasema. "Huwezi kuchagua."

Bi Mwanaisha alinishika goti chini ya meza. "Tia sahihi, mwanangu, ukasome," akaninong'onezea. "Majongoo hayatarudi kwa ajili yako."

Nitawaambia ukweli. Nilichukua kalamu. Niliona ile shule, na kitanda, na Kemunto akitembea kwenye korido ya chuo. Nikaona pia chumba hiki cha Daktari, mimi nikiwa ndani yake miaka ijayo nikimwambia mtu mwingine kwamba hapabadilishwi. Halafu nikamkumbuka mama mkwe. Nikairudisha kalamu kwenye kikombe chake. Daktari akasema nina hasira, nifikirie. Nikamwambia hasira ninayo, na nimefikiria nikiwa nayo.

Nje, tulikwenda na Bi Mwanaisha mpaka kwenye mchanga. Kisha akasema mimi ni mjinga, akambeba mtoto, akaenda mbele ili nisimwone uso.

Kurudi

Kurudi sina la kuwasimulia. Treni ilikuwa kwa wakati, basi lilikuwa kwa wakati, na nilichukia kila kitu kilichokuwa kwa wakati. Huko Narok niliuziwa chai ya baridi. Kemunto alisimama mwenyewe mara ya kwanza ndani ya basi, ameshika kiti cha mbele, na abiria wakampigia makofi, nami nikashindwa kufurahi jinsi mama anavyotakiwa afurahi. Hilo pia siwasamehe watu wa mradi.

Baba Kemunto alinipokea kwenye lami. Aliniuliza nimerudi na nini. Nikamwambia daftari. Akambeba mtoto mpaka nyumbani, na kwa siku kadhaa alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Kuna usiku nami nimejiangalia hivyo. Lakini mama mkwe alisikiliza yote, akaniletea meza ndogo, akafuta maganda ya ndizi juu yake, akaniambia niandike. Jumanne iliyofuata nikaipeleka barua mwenyewe kwenye dirisha la malalamiko ya wananchi mjini Kisii. Nakala yangu wameigonga muhuri. Hii hapa, neno kwa neno, ili muache kuniuliza.

Barua niliyopeleka

KUH: KUITWA MWONGO NA KUKATALIWA KWA HESABU ZA MSTARI WA SABA

Mimi ni Moraa, mama wa mtoto mmoja, mkaazi wa Kebirigo, Kaunti ya Nyamira. Ninalalamika juu ya mradi wa kuhesabu viumbe vya mwambani.

Nilihesabu siku tatu na nikatuma kabla ya muda kuisha. Sikutuma Ijumaa kwa sababu umeme ulirudi Sabato ikiwa imeingia. Hakuna mahali popote tulipoambiwa kwamba ukituma ukiwa nyumbani, pweza wanakufuata nyumbani. Mahali niliandika kwa mkono wangu. Mradi ukaamini simu, haukuamini mkono, na haukuniuliza hata swali moja kabla ya kuandika kwamba nimebuni.

Picha zilizoweza kunitetea zilifutwa na mradi. Shahidi niliyemleta aliitwa mdomo. Nilipewa karatasi ya kukiri uongo ili nipewe nafasi ya kuomba shule. Sikutia sahihi, na sitatia.

Ninaomba mambo matatu. Neno "ya kubuni" liondolewe mbele ya jina langu, kwa maandishi, kwa sababu liliandikwa kwa maandishi. Ombi langu la masomo lipimwe kwa hesabu niliyoifanya. Na hesabu zenyewe zirudishwe kwenye ramani, mahali pake, pamoja na sifuri za majongoo bahari, kwa sababu kuna watu wanaoishi kando ya mwamba huo na ramani inawadanganya.

Nimeambatisha nakala ya kurasa tatu za daftari na nusu ya kitambaa. Nusu nyingine iko kwenye chuma cha Mstari wa Saba. Yeyote anayetilia shaka asubiri maji yapwe, avue viatu, aende akaangalie.

Barua hii imeandikwa Kebirigo. Mambo yaliyomo yalitokea baharini. Ninaomba safari hii mtofautishe.